Uzio usio na mlango

Somo la kujifunza pamoja, kutoka Likasi, Haut-Katanga



Karibu kila mahali tulipofanya kazi na familia zilizohama makwao tumekuta jambo lilelile. Penye kufuli nyingi kupita kiasi, pembeni pana tundu. Uzio wa ghala una waya uliopindwa kwa uangalifu ili mtu mwembamba apite. Mlango wa ofisi wenye kufuli tatu umewekewa jiwe ili usijifunge, kwa sababu mwenye funguo anakaa mbali, Kikula, na hafiki kabla ya saa nne. Orodha ya majina iliyokaguliwa mara tano ina watu ambao hakuna jirani aliyewahi kuwaona. Kiongozi akigundua tundu, mara nyingi husema kwamba watu wa hapa ni wabaya, kisha huongeza kufuli ya nne. Katika somo hili tunaomba tufanye kitu kingine kwanza: tuliulize tundu swali kabla ya kuliziba.

Tumeliandika lisomwe katika kikundi. Anayejua kusoma awasomee wengine, na asimame popote ambapo watu wanataka kuzungumza, hata kama ni katikati ya aya. Wasomaji wetu wa Tanzania na wa pwani watuvumilie wakikutana na neno moja au mawili ya Katanga.

Mgodi uliofungwa mara mbili

Mfano ulio karibu nasi zaidi uko kilomita 20 hivi magharibi mwa mji wa Likasi, mahali panapoitwa Shinkolobwe. Madini ya huko yaligunduliwa mwaka 1915, na kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ikaanza kuyachimba mwanzoni mwa miaka ya 1920. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia urani ya Shinkolobwe ilipelekwa Marekani, na sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa kutengeneza bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka katika udongo huo. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1960, mashimo makubwa yalizibwa kwa saruji. Tunayataja haya ili ieleweke kwamba waliotaka mgodi ule ufungwe walikuwa na sababu ya kweli. Hakuna mzazi ambaye angependa mtoto wake acheze pale.

Lakini mgodi hauko peke yake duniani. Uko karibu na mji, na mji una watu wanaokula. Likasi iliishi kwa Gécamines, kampuni ya Serikali iliyochukua nafasi ya Union Minière mwaka 1967. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilizalisha tani zaidi ya 450,000 za shaba kwa mwaka. Mwezi Septemba 1990 mgodi wa Kamoto, upande wa Kolwezi, uliporomoka. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 uzalishaji wote ulikuwa haufiki hata sehemu moja ya kumi ya ule wa zamani. Wafanyakazi wa Panda na Shituru walikaa miezi mingi bila mshahara. Kuanzia mwaka 2003, katika mpango uliosaidiwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliacha kazi kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Muulize mzee yeyote wa Panda maana ya neno hilo «hiari», naye atakueleza vizuri kuliko sisi.

Katikati ya hayo yote, mwaka 1992 na 1993, maelfu ya familia zenye asili ya Kasai zilifukuzwa katika nyumba zao. Wengi walilala kwenye stesheni ya reli ya Likasi kwa majuma na miezi wakingojea treni ambayo haikuja. Wasomaji wetu wengine walikuwa hapo wakiwa watoto. Mji ulipoteza mishahara na majirani karibu kwa wakati mmoja.

Basi mwishoni mwa miaka ya 1990 watu walianza kuchimba kobalti kwa mikono huko Shinkolobwe. Hawakuhitaji kuvunja saruji ya zamani. Kobalti ilikuwa karibu na uso wa ardhi, pembeni mwa yale mashimo yaliyozibwa, ikiwa imechanganyika na urani. Wakaja wachimbaji, wale tunaowaita creuseurs kwa Kifaransa, wakaja wanunuzi, wakaja akina mama wa kuuza bukari na sombe, na kijiji kikakua.

Tarehe 28 Januari 2004 amri ya Rais ilitangaza kwamba mgodi umefungwa. Kisheria, jambo lilikwisha siku hiyo. Mwezi Julai 2004, baada ya miezi mitano na zaidi, sehemu ya mgodi iliporomoka, na watu wasiopungua 8 walikufa ndani ya mahali ambapo, kwa mujibu wa karatasi, hapakuwa na mtu. Mwezi wa Agosti kijiji kiliondolewa kwa nguvu na nyumba zikaharibiwa. Maelfu ya watu walilazimika kutafuta pa kukaa. Mwishoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Novemba wataalamu wa Umoja wa Mataifa walifika kukagua, nao wakaeleza hatari zilizokuwepo, ya mashimo kuporomoka na ya mionzi. Hata hivyo, katika miaka iliyofuata ziliendelea kutolewa taarifa za watu kuchimba huko kwa siri.

Tusimame kidogo hapa. Katika vikundi tulivyofanya somo hili, wengine husema mara moja: «Walionywa, wakaingia wenyewe.» Ni kweli walionywa. Wengine husema: «Serikali haikuwajali.» Kila upande una watu wake, na ubishi unaweza kumaliza mchana mzima. Sisi huuliza swali jingine, ambalo hupunguza joto: Amri ile ilifunga nini, na ilifungua nini? Upande wa kwanza wa jibu ni rahisi. Kwa upande wa pili, kikundi hunyamaza. Hapakuwa na kazi nyingine iliyoelekezwa kwa baba aliyekuwa akichimba, wala soko jingine kwa mama aliyekuwa akipika. Njaa ya nyumbani haikuwa imesoma amri.

Mchana unapogeuka usiku

Jambo lililokatazwa bila njia nyingine haliishi. Linahama kutoka mchana kwenda usiku. Na usiku una sheria zake.

Mchana watu huhesabiana. Fulani ameshuka shimoni na hajapanda, wenzake wanajua. Usiku, mchimbaji aliyeingia kwa kujificha hana jina. Shimo likimfunika, ndugu zake wanaogopa kwenda kutoa taarifa, kwa kuwa taarifa hiyo ni ungamo. Mchana mtu huchagua mahali pa kuchimba kwa kuangalia udongo. Usiku huchagua kwa kuangalia mlinzi yuko wapi. Ndiyo maana ulinzi mkali unaweza kuongeza ile hatari ambayo uliwekwa kuizuia.

Usiku pia una bei. Mlinzi ana watoto, na mshahara wake mara nyingi ni mdogo au umechelewa. Amepewa amri asimruhusu yeyote, lakini amri hiyo haiwezekani kutekelezwa kwa uzio wa kilomita nyingi na watu wanne wenye tochi. Hivyo anaanza kuuza kupita. Yule aliyezaliwa hapa, anayesali kanisa moja na mlinzi au aliyesoma na mdogo wake, analipa kidogo. Aliyefika juzi kutoka Mitwaba au Pweto na mzigo kichwani, hajui mtu, analipa mara mbili, au anaambiwa asubiri hadi wengine wamalize. Tunaomba viongozi wakumbuke hili. Tunapoweka sheria isiyotekelezeka tunafikiri tumewabana watu wote sawasawa. Kwa kweli tumewapa wenye kujuana biashara mpya, na mgeni ndiye mteja wao. Magomvi mengi kati ya wenyeji na wahamiaji ambayo tumeitwa kuyapatanisha yalianza kwenye tundu la namna hii, ingawa yalipotufikia yalikuwa tayari yamevaa nguo ya kabila.

Sheria ya madini ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, inamruhusu mchimbaji mdogo kufanya kazi, ila katika maeneo yaliyotengwa na akiwa na kadi. Tangu marekebisho hayo anatakiwa pia awe katika ushirika. Kwa maandishi, mlango upo. Shida ni kwamba maeneo hayo ni machache, na mengine yako mbali au madini yake yako chini mno kwa mtu mwenye sululu. Mlango uliojengwa mahali ambapo hakuna anayepita hauhesabiki. Kwa hiyo watu huingia katika maeneo ya kampuni kubwa. Tarehe 27 Juni 2019, huko Kolwezi, udongo uliporomoka katika eneo la kampuni ya Kamoto Copper Company na kuua watu wapatao 43. Kampuni ilisema kwamba kwa wastani watu 2,000 walikuwa wakiingia humo kila siku bila ruhusa. Tafakarini idadi hiyo. Watu 2,000 kila siku si wizi wa kuvizia. Ni kijiji kizima kinachokwenda kazini. Baada ya msiba ule wanajeshi waliletwa kuwatoa watu.

Na tarehe 15 Novemba 2025, katika mgodi wa Kalando, mkoa huohuo wa Lualaba, watu wasiopungua 32 walikufa daraja la kienyeji lilipoanguka. Viongozi wa mkoa walikuwa wamekataza watu kuingia kwa sababu ya hatari ya mvua na maporomoko, na watu waliingia kwa nguvu. Taarifa ya SAEMAPE, idara ya Serikali inayohusika na wachimbaji wadogo, ilisema milio ya risasi za wanajeshi waliokuwa wakilinda ndiyo iliyowatia watu hofu wakakimbilia darajani wote kwa pamoja. Katazo lilikuwa la busara. Lakini lilisimamiwa kwa bunduki tu, na bunduki haiwezi kupanga foleni.

Ghala letu wenyewe

Ni rahisi kuhubiri kuhusu migodi ya watu wengine. Hapa tunaeleza la kwetu.

Miaka kadhaa iliyopita tulishiriki kugawa mablanketi, sabuni na unga kwa familia zilizohama makwao. Mahali hatutapataja. Mara ya kwanza magunia machache yalipotea, na wafadhili wakauliza maswali. Tukaandika kanuni mpya kwa haraka, usiku mmoja, bila kumwita hata mama mmoja wa kambini. Msaada utachukuliwa na mkuu wa familia mwenyewe. Aje na kadi yetu, pamoja na kitambulisho chenye picha. Aje Jumanne kabla ya saa sita. Aliyepoteza kadi angoje hadi uandikishaji mwingine.

Kwa miezi mitatu tulijisifu. Daftari la ghala lilikubaliana na ghala hadi kipande cha mwisho cha sabuni. Tulituma ripoti nzuri.

Kisha usiku mmoja mtoto alishikwa na degedege. Alikuwa ameachwa na dada yake mdogo, mama alikuwa amekwenda kulala kwa jamaa aliye mgonjwa. Muuguzi, msichana mwenye akili, akachukua orodha yetu ili amtafute mzazi. Namba ya kadi iliyokuwa nyumbani ikampa jina, na jina likampeleka upande mwingine kabisa wa kambi, kwa mwanamume ambaye hakuwahi kumwona mtoto huyo. Mama alipatikana karibu na alfajiri. Mtoto alipona. Tumekaa na usiku ule kwa muda mrefu.

Asubuhi tulianza kuuliza, na mama mmoja mzee aliyekuwa akichambua maharage akatujibu bila hata kuinua kichwa: «Papa, benye kadi habako hapa.» Yaani wenye kadi hawako hapa. Alishangaa kwamba hatukujua, kwa sababu kambi nzima ilijua.

Mambo yalikuwa hivi. Siku ya Jumanne akina baba wengi wako mbali, kuchoma makala au kutafuta kibarua. Hawawezi kupoteza siku ya malipo kwa ajili ya sabuni. Basi waliwapa kadi vijana wenye nafasi, ambao walisimama kwenye foleni kama wakuu wa familia, wakibaki na kopo moja la unga katika kila makopo matano. Tena, wengi walikimbia usiku bila karatasi yoyote. Nchini kwetu kadi ya mpiga kura ndiyo iliyotumika kama kitambulisho kwa miaka mingi, na aliyeiacha ndani ya nyumba iliyochomwa hana pa kuipata upya haraka. Hao waliazima vitambulisho vya majirani, wakaandikishwa kwa majina ya majirani. Na waliopoteza kadi walinunua za wale waliokwisha kuondoka. Kila mmoja alikuwa na sababu ambayo, tukiisikia peke yake, tungeikubali. Zilipojumlishwa, daftari letu likawa la watu wa kubuni. Sabuni ilikuwa salama. Watu walikuwa wamepotea.

Tulibadilisha nini? Tuliongeza siku, mojawapo ikiwa Jumamosi. Kila familia ilichagua mtu wa pili anayeweza kuchukua kwa niaba yake, mwanamke au mwanamume, naye akaandikwa waziwazi. Asiye na karatasi alishuhudiwa na majirani wawili mbele ya shefu wa mtaa wake. Kadi iliyopotea ilibadilishwa siku ileile. Kanuni moja hatukuilegeza, tena tuliikaza: kila jioni ghala lilihesabiwa na watu wawili, na mmoja wao alikuwa mhamiaji aliyechaguliwa na wenzake.

Tulitangaza pia kwamba kwa majuma mawili yeyote atakayekuja kurekebisha jina lake hataulizwa kwa nini alidanganya. Jambo hili lilitugawa sisi wenyewe. Baadhi yetu waliona tunawazawadia waongo. Katika juma la kwanza walikuja wachache, wakitazama kulia na kushoto. Katika la pili tulikosa viti.

Baada ya hapo hesabu ya sabuni haikuwa nzuri kama zamani. Kila mwezi vipande kadhaa havikuonekana. Tuliandika hivyo katika ripoti, na tuliulizwa, na tukaeleza. Kijana mmoja kati ya wale waliokuwa wakichukua kopo moja kwa matano alitukasirikia sana, kwa kuwa tulimwondolea kazi. Baadaye akawa mpanga foleni wetu, na hatujapata mwingine aliyejua ujanja wote kama yeye.

Ofisini nako

Viongozi wa mashirika madogo watatusamehe tukiingia ofisini mwao. Huko tundu huwa limeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya meza: ni neno la siri la kompyuta. Kwa miaka mingi maofisi duniani yaliwalazimisha wafanyakazi kutumia maneno ya siri yenye alama za ajabu na kuyabadilisha mara kwa mara. Sehemu kubwa ya ushauri huo ilitokana na mwongozo wa mwaka 2003 wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST. Watu walifanya ambacho mtu yeyote angefanya. Waliyaandika kwenye karatasi, au walibadilisha tarakimu ya mwisho tu. Mwaka 2017 taasisi hiyohiyo ilitoa mwongozo mpya, ikashauri maneno marefu yanayokumbukika, yasibadilishwe bila sababu. Bill Burr, aliyeuandika ule wa kwanza, alisema hadharani kwamba anajutia mengi aliyoyashauri. Tunamheshimu kwa kusema hivyo. Ni wangapi kati yetu waliowahi kurudi kwenye kanuni waliyoiandika wenyewe na kuikana?

Wakati mwingine, hata hivyo, hakuna tundu. Tarehe 25 Machi 1911 kiwanda cha nguo cha Triangle, jijini New York, kilishika moto. Mlango mmoja wa kutokea ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, desturi iliyokusudiwa kuzuia wafanyakazi wasitoke na vitambaa. Wafanyakazi 146 walikufa, wengi wao wasichana wahamiaji. Mwaka 2012 huko Karachi, Pakistani, zaidi ya wafanyakazi 250 walikufa katika moto wa kiwanda kimoja chenye madirisha ya nondo na milango iliyofungwa. Tukiona mlango wa darasa au wa kituo cha wahamiaji umefungwa kwa nje usiku «kwa usalama», tusiondoke hapo kabla haujafunguliwa.

Uzio wenye mlango

Je, tunasema uzio wote uondolewe? Hapana. Dawa lazima zifungiwe. Orodha ya wanawake waliobakwa haipaswi kuonekana na macho zaidi ya mawili au matatu. Penye mabomu ya ardhini hapaingiwi. Na Shinkolobwe, kwa maoni yetu, ni mahali pa kubaki pamefungwa. Swali ni namna ya kufunga.

Kuna jaribio moja ambalo huwa tunawasimulia viongozi. Huko Mutoshi, karibu na Kolwezi, kati ya mwaka 2018 na 2020, kampuni ya Chemaf, wafanyabiashara wa Trafigura, shirika la Pact na ushirika wa wachimbaji wa COMIAKOL walikubaliana kwamba wachimbaji waingie ndani ya eneo la kampuni kihalali. Palikuwa na uzio, na ukaguzi ulikuwa mkali. Mtu aliingia kwa kadi, mtoto hakuruhusiwa. Lakini kadi ilipatikana, na ndani palikuwa na kazi. Mashine iliondoa udongo wa juu ili watu wasichimbe mashimo marefu, na madini yalinunuliwa hapohapo. Halikukosa kasoro. Mnunuzi alikuwa mmoja tu, na penye mnunuzi mmoja bei huwa ni manung'uniko ya kila siku. Korona ilipofika mwaka 2020 mradi ulisimamishwa. Hata hivyo tunaona pale kitu ambacho amri ya 2004 haikuwa nacho: anayefuata kanuni alirudi nyumbani na pesa ya unga, kwa hiyo mchimbaji mwenyewe alikuwa na sababu ya kuulinda uzio.

Mahali pa kubaki pamefungwa kabisa panahitaji kazi zaidi, wala si chini ya hiyo. Watu waelezwe sababu kwa lugha yao, na waelezwe na mtu wanayemwamini. Waonyeshwe ni wapi pengine watapata riziki, hata kama ni kidogo. Na awepo mtu mmoja ambaye mwananchi anaweza kumwambia «watu wanapita huku» bila kukamatwa yeye. Pasipo na mtu kama huyo, kiongozi atakuwa wa mwisho kujua, kama tulivyokuwa sisi.

Zoezi la kikundi

Chagueni mahali mnapopajua nyote penye kanuni kali: ghala, zahanati, shule, kisima chenye kufuli, barieri ya njiani. Nendeni mkapazunguke kwa miguu, watu watano au sita, wanawake wakiwemo na mgeni mmoja akiwemo. Tafuteni matundu. Msiwatafute watu waliopita. Hilo si zoezi letu, na mtu yeyote asitajwe jina. Kwa kila tundu jiulizeni: Anayepita hapa anakwenda kutafuta nini? Kwa nini hakupita mlangoni? Anamlipa nani?

Kisha fanyeni igizo fupi. Mmoja awe mlinzi ambaye hajalipwa miezi miwili. Mmoja awe mama asiye na kadi, ana mtoto mgongoni. Wa tatu awe yule aliyeandika kanuni, lakini akae nje ya chumba, asisikie neno. Waacheni mlinzi na mama wazungumze kwa dakika kumi. Wakimaliza, mwiteni aliyeko nje, mumwombe akisie kilichotokea. Baada ya hapo mlinzi na mama wamweleze.

Maswali ya kujadiliana

Je, mmewahi kupita kwenye tundu ninyi wenyewe? Mlihitaji nini siku hiyo?

Katika mtaa wenu, ni nani anayelipa zaidi ili apite: mwenyeji au aliyefika karibuni? Mmejuaje?

Kuna kanuni ambayo ninyi viongozi mliiandika kwa haraka baada ya wizi au aibu? Ni nani hakuulizwa?

Ni mlango gani kwenu ambao lazima ubaki umefungwa? Anayeukuta umefungwa anaelekezwa wapi?

Mtu akitaka kuwaambia leo kwamba orodha yenu ina majina ya uongo, aje kwa nani, na atafanywa nini?

Andikeni tundu moja tu mnaloweza kuligeuza kuwa mlango kabla ya mwezi kwisha, na jina la mtu atakayekwenda kuzungumza na mwenye kanuni. Kubalianeni tarehe ya kuzunguka tena.